Kano ya kisigino inayouma: kuijenga upya kwa ngazi na dumu la maji

Dalili huwa ni zilezile. Ukiamka, hatua za kwanza kuelekea msalani unachechemea. Ukishatembea kidogo mguu unalegea, jioni unakimbia kama kawaida, na kesho yake asubuhi unachechemea tena. Wengi hupumzika wiki tatu, maumivu yanatulia, wanarudi barabarani, na ndani ya siku kumi wako palepale. Kano haijengwi na kitanda. Inataka mzigo mzito, unaoenda polepole, kwa kipimo.

1. Hakikisha haijakatika

Lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya ukingo wa kitanda. Mwenzako akubinye kigimbi kwa kiganja chote. Kano ikiwa nzima, unyayo unasogea wenyewe, vidole vikielekea chini. Usiposogea, nenda hospitali leo hii. Usidanganyike kwa kuwa bado unatembea na vidole vinacheza. Ipo misuli mingine midogo inayofanya kazi hiyo.

Jingine: je, ulimeza siprofloksasini au dawa ya jamii yake kabla ya maumivu kuanza? Hutolewa sana kwa taifodi na kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na zinaweza kudhoofisha kano hata ikakatika. Kama ulimeza, usianze mazoezi haya. Mrudie daktari kwanza.

2. Tafuta panapouma

Binya kano kwa kidole gumba na cha shahada, ukipanda taratibu kutoka kwenye mfupa. Pakiuma sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, fanya mazoezi kwenye ngazi. Pakiuma pale kano inapojishika kwenye mfupa, fanya sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole. Kikishuka, kano inagandamizwa kwenye mfupa, na mgandamizo huo ndio unaoichokoza. Kwa sababu hiyohiyo acha kunyoosha kigimbi ukutani kila saa, na weka kipande cha raba cha sentimita moja ndani ya kiatu, chini ya kisigino.

3. Vifaa

Ngazi imara, ukuta, raba miguuni, begi la mgongoni la kubebea maji, na dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani unayo tayari. Mipira ya kuvuta iacheni: kigimbi kinachobeba mwili mzima kutwa hakishtuliwi na mpira.

4. Zoezi lenyewe

Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa hewani. Gusa ukuta kwa ncha za vidole, ni kwa kusawazisha tu. Panda kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3. Weka programu ya simu igonge mara 60 kwa dakika, maana ukihesabu kichwani, mguu ukichoka sekunde tatu zinageuka moja. Anza na miguu miwili. Ukifikisha 15 bila kutetereka, hamia mguu mmoja.

Kosa kubwa ni kudunda chini. Kano ni kama springi: ukidunda, springi inakurusha juu na msuli unapumzika. Tulia nukta moja kule chini kabla ya kupanda. Kosa la pili ni uzito kukimbilia kidole kidogo, gandamiza gumba.

Fanya pia la kukaa: kiti, unyayo sakafuni, dumu la lita 20 juu ya paja karibu na goti, inua kisigino. Msuli wa juu wa kigimbi unavuka goti, kwa hiyo goti likikunjwa unalegea, na kazi inauangukia ule msuli bapa wa chini. Huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo ukikimbia, na ndio unaosahaulika.

5. Kusoma maumivu

Hapa ndipo watu wanapopotea. Wapo wanaoacha kila wakisikia kitu, na wapo wanaosaga meno mpaka kano inavimba.

Yape maumivu namba, 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, mpaka 5 inaruhusiwa. Namba ya wakati huo, hata hivyo, si ya kuamulia. Kano hulalamika baadaye, mara nyingi siku inayofuata. Kila asubuhi, kabla ya chai, inuka kwa mguu mmoja mara 10 ukiwa sakafuni, kisha andika namba. Ikiwa sawa na ya kawaida yako, mzigo wa jana ulifaa. Ikipanda kwa asubuhi moja, rudia mzigo uleule bila kuongeza. Ikibaki juu asubuhi mbili, mwaga theluthi ya maji, lakini usiache zoezi. Angalia mwelekeo wa wiki nzima, usihangaishwe na asubuhi moja.

Mambo manne huharibu kipimo hiki. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu: ukiimeza, namba ni ya dawa, si ya kano. Mguu uliopata moto: kano mbovu hutulia baada ya dakika chache za kukimbia, kisha inakudai kesho yake, kwa hiyo usiseme "ilipona njiani". Uchovu wa msuli: kigimbi kinachouma siku mbili baada ya zoezi, maumivu yakiwa yametapakaa katikati ya nyama, ni jambo la kawaida na hakihesabiwi, tunahesabu kano tu. La mwisho ni vidole vyako: ukiibinya kano mara ishirini kwa siku kuona kama imepona, itauma kwa kubinywa.

6. Ratiba

Mtindo maarufu ni wa Håkan Alfredson, daktari wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 1998: kushuka tu, seti 3 za 15 (unarudia mara 15, unapumzika, hadi raundi tatu), goti limenyooka kisha limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni mishuko 180 kila siku. Unafanya kazi, ila mtu mwenye ajira na watoto hachelewi kuuacha. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliulinganisha na mzigo mzito wa polepole mara 3 kwa wiki, na matokeo yalikaribiana. Mimi nauchagua huu wa pili bila kusita.

Wiki ya 1, seti 3 za 15. Wiki ya 2 na 3, seti 3 za 12. Wiki ya 4 na 5, seti 4 za 10. Wiki ya 6 hadi 8, seti 4 za 8. Wiki ya 9 hadi 12, seti 4 za 6. Idadi ikishuka, maji yanaongezeka: kwenye seti za marudio 8, mzigo uwe mzito kiasi kwamba rudio la 9 lingekushinda. Ruka siku moja katikati. Baada ya mzigo, kolajeni (protini inayounda nyuzi za kano) inayovunjwa huizidi inayojengwa kwa saa 24 hadi 36 hivi. Ukirudia mapema unabomoa ukuta ambao saruji yake haijashika.

7. Kurudi barabarani

Subiri uweze kuinuka kwa mguu mmoja mara 20, na kurukaruka kwa mguu huo bila namba kupita 2. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8, kwenye barabara tambarare, siku ambazo huna zoezi la dumu. Asubuhi soma namba. Milima ije baadaye, kwa sababu ukipanda kisigino kinashuka na kano inavutwa. Ukirudisha mlima, kasi isubiri wiki nyingine. Ukivileta pamoja na asubuhi ikaharibika, hutajua cha kupunguza.