Jinsi ya kupima unyamazishaji wa jeni karibu na telomia ya hamira

DNA inaponakiliwa, nyukleosomu, yaani vifundo vya protini ziitwazo histoni vinavyozungushiwa DNA, hazina budi kuundwa upya papo hapo, kila moja ikizungukwa na takriban jozi 147 za besi. Kazi hiyo huanzwa na CAF-1, mkusanyiko wa protini tatu unaoweka histoni H3 na H4 kwenye DNA mpya baada ya kushikana na PCNA, protini yenye umbo la pete inayoizunguka DNA inaponakiliwa. Hamira ya mkate huweza kuishi bila CAF-1, ila jeni zilizowekwa karibu na telomia, yaani ncha za kromosomu, hazinyamazi (hazizimwi) tena ipasavyo, na hapo ndipo mtafiti anapopata cha kupima.

Andaa hamira za aina nne. Tatu ziwe na jeni ya URA3, inayoiwezesha seli kujitengenezea yurasili (besi mojawapo ya RNA), kando ya telomia ya mkono wa kushoto wa kromosomu VII: ya kawaida, iliyofutwa CAC1, jeni ya protini mojawapo ya CAF-1, na iliyofutwa SIR2, jeni ya lazima kwa unyamazishaji, ambayo itakuonyesha hali ilivyo unyamazishaji unapotoweka kabisa. Ya nne isiwe na URA3 popote. Protini ya URA3 huifanya dawa ya 5-FOA iwe sumu, kwa hiyo seli iliyoinyamazisha jeni hiyo huota na isiyoinyamazisha hufa.

Tayarisha sahani za agari za namna tatu: kamili, isiyo na yurasili, na yenye yurasili pamoja na gramu 1 ya 5-FOA kwa lita. Dawa itiwe agari ikishapoa kiasi cha kuweza kuishika chupa kwa mkono. Sahani zikauke vyema, kwani juu ya agari yenye unyevu matone hutambaa na kuungana, na kazi ya siku nzima huharibika.

Osha seli kwa maji safi, zihesabu, uzifikishe milioni 10 kwa mililita, kisha uzipunguze mara kumi kumi hatua nne. Dondosha mikrolita 5 za kila hatua bila kuichoma agari kwa ncha ya pipeti. Tone la kwanza litakuwa na seli 50,000 na la mwisho 5 tu, hivyo tikisa kila mrija kabla ya kuchota, maana hamira hutuama upesi. Weka sahani kwenye nyuzi 30 kwa siku mbili hadi tatu.

Anza kusoma sahani kamili; kama aina zote hazikuota sawa hapo, rudia jaribio. Hata zikiota sawa, usikimbilie kusema kwamba seli zilizokufa kwenye 5-FOA zimepoteza unyamazishaji. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba, kwa mabadiliko ya DOT1, jeni ya kimeng'enya kinachobadilisha histoni, na ya POL30, jeni ya PCNA yenyewe, kipimo hiki kilipotosha: 5-FOA huchochea kimeng'enya kinachotengeneza malighafi za DNA, na mvurugiko wake ulichangia matokeo yaliyodhaniwa kuwa ya kromatini (DNA pamoja na histoni zake). Kwa mtu anayechunguza CAF-1, mshirika wa PCNA, onyo hili linamhusu moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, chukua seli zilizokua bila 5-FOA, toa RNA, ondoa mabaki ya DNA, kisha pima RNA ya URA3 ukiilinganisha na ya ACT1, jeni ya aktini isiyo karibu na telomia. Ongeza kipimo cha ADE2 iliyowekwa kwenye telomia nyingine: ikinyamazishwa, hamira huwa nyekundu, na ikifanya kazi huwa nyeupe, bila sumu yoyote kuingia kati.