Mnaohamia Columbus, Ohio: angalia wilaya ya shule kwa anwani

Nimelijua hili juzi tukitafuta nyumba: usichague mtaa kwa jina. Chukua anwani kamili ya nyumba, iingize kwenye tovuti ya Franklin County Auditor (ofisi ya kaunti inayotunza kumbukumbu za nyumba na viwanja), usome sehemu ya wilaya ya shule (school district, yaani eneo lenye shule zake za umma chini ya uongozi mmoja). Mipaka ya jiji na ya wilaya za shule haifuatani, ndiyo maana zipo nyumba zenye anwani ya Columbus ambazo watoto wake husoma shule za miji jirani ya Dublin au Hilliard. Ila hapo utajua wilaya tu, si shule yenyewe. Shule zikijaa, mipaka ya ndani ya wilaya, inayoonyesha nyumba zipi ni za shule ipi, hubadilishwa. Kabla hujasaini mkataba, pigia ofisi ya wilaya simu, uwatajie anwani na darasa la mtoto.