Maji ya bwawa la nyumbani yamegeuka kijani? Usiyamwage

Wengi hulikausha bwawa, wakalisugua na kulijaza upya, kisha ukijani ukarudi vilevile. Jua lipo palepale na chakula cha mwani, yaani vimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hakijapungua. Vipimo vya hapa ni vya bwawa la mita 2 kwa 2, kina nusu mita, yaani lita 2,000.

1. Jaza chupa ya kioo maji ya bwawa, uiache hadi kesho yake. Uchafu ukituama chini, hilo ni tope: inua kingo sentimita 15 ili maji ya mvua yasitiririkie ndani, na kama umefuga kambale mtoe, maana hachoki kufukua. Maji yakibaki ya kijani, ni mwani.

2. Weka kivuli. Panda miche miwili ya yungiyungi kwenye mabeseni ya udongo wa mfinyanzi, bila samadi hata kiganja, na juu ya udongo tandaza kokoto. Anza kwa kuyapandisha mabeseni juu ya matofali, uyashushe kadiri vikonyo vinavyorefuka. Majani yakifunika nusu ya bwawa, yanatosha. Gugumaji nalo hunyonya mbolea vizuri, lakini kwa yale liliyoyafanya Ziwa Victoria, liache.

3. Tengeneza chujio. Chukua pipa la plastiki la lita 100 na pampu ya lita 1,000 kwa saa. Maji yaingie chini ya pipa, yapande katikati ya kokoto za nusu inchi, yatokee juu. Wafanyakazi hapa ni bakteria wanaoshika kwenye kokoto: huigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitrati, yaani mbolea, nayo ikaliwa na yungiyungi. Wape wiki 4 hadi 6. Pampu isizimwe usiku, kwani wakikosa oksijeni hufa. Kokoto zikiziba, zisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe. Klorini ya bomba huwaua, ukaanza upya.

4. Lisha kinachoisha ndani ya dakika 5, basi. Mabaki na majani ya miti yaopoe kabla hayajaoza.

5. Kila wiki badilisha lita 200. Maji ya bomba yakae kwanza siku mbili kwenye ndoo zilizo wazi.

Ukikuta samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, oksijeni imekwisha: usiku mwani nao huivuta. Siku hiyo usilishe, na inua mdomo wa bomba la chujio ili maji yaporomoke kutoka juu.