Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Jaribio la Mvutano wa Uso wa Maji Darasani

Jaribio la kuelesha sindano juu ya maji linahitaji vifaa vichache, lakini mara nyingi huharibika kwa sababu ya sabuni iliyobaki kwenye chombo. Ndiyo maana usafi wa bakuli unastahili muda mwingi kuliko maandalizi mengine yote. Bakuli lisuuzwe kwa maji mengi mpaka lisibaki povu wala utelezi, kisha liachwe likauke lenyewe, kwa kuwa kitambaa cha kufutia vyombo chenyewe huweza kuwa na mafuta au sabuni. Mwaka 1891 jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels, mwanamke Mjerumani aliyefanya uchunguzi wake nyumbani, kuhusu namna uchafu unavyobadilisha mvutano wa uso wa maji, na wanafunzi wakubwa wanafaa kuelezwa habari zake.

Mwalimu ajiridhishe pia kwamba anaweza kueleza kinachotokea. Molekuli za maji huvutana, na zile zilizo juu kabisa, kwa kuwa hazina maji mengine juu yake, huvutwa zaidi kuelekea ndani, hivyo uso wa maji hujikaza. Katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, mvutano huo ni takribani milinyutoni 73 kwa mita, zaidi ya mara tatu ya ule wa ethanoli. Wanafunzi wengi watadhani kwamba sindano inaelea kama kijiti, ilhali chuma chake kina msongamano unaokaribia mara 8 ya ule wa maji. Wainamishwe mpaka macho yao yawe karibu usawa na maji, mahali penye mwanga wa pembeni, waone jinsi uso ulivyobonyea chini ya sindano bila kupasuka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo lilipo, hata kuliko pale sindano inapozama.

Sindano ziwe ndogo na kavu. Ili kuilaza bila kuitumbukiza, andaa vipande vya karatasi laini ya shashi: kipande huwekwa juu ya maji kikiwa na sindano, kisha kikishalowa husukumwa taratibu chini kwa kijiti. Meza isitikisike na feni izimwe.

Sabuni ya maji iwekwe mbali, chini ya uangalizi wa mtu mmoja, na anayeigusa asishike tena bakuli safi kabla ya kunawa na kusuuza mikono vizuri. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, hivyo tone moja linatosha kuizamisha sindano, na baada ya hapo maji yale hayafai kurudiwa, kwa hiyo kila kundi liwe na bakuli la pili lililokwisha kuandaliwa. Kabla ya tone kudondoshwa, kila mwanafunzi aandike anachotarajia na sababu yake, maana akishaona matokeo ni rahisi kuamini kwamba alijua tangu awali.

Kwa watoto wadogo, vibanio vya karatasi vya chuma vitumike badala ya sindano. Zikitumika sindano, zihesabiwe kabla ya kugawiwa na zihesabiwe tena zikikusanywa, na asiruhusiwe mtu kuondoka mpaka idadi itimie.