Jinsi ya Kufuatilia Bahati za Madereva Kwenye Petit Le Mans

Mimi huanza na kalamu kabla ya kugusa rimoti. Petit Le Mans ni mbio za magari za saa 10 katika uwanja wa Road Atlanta, pale Braselton, jimbo la Georgia, Marekani, na ndizo zinazofunga msimu wa IMSA, mfululizo wa mbio za magari wa Amerika Kaskazini, mwezi Oktoba. Ukimtazama anayeongoza tu, nusu ya habari itakupita. Anayeongoza anaweza kuwa hana chochote cha kupata kwenye ubingwa wa msimu, huku bingwa mtarajiwa akijikokota nafasi ya sita na kuomba Mungu gari lisife.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya Jumamosi. Mshindi hupata pointi 350, wa pili 320, wa tatu 300, wa nne 280, wa tano 260, wa sita 250. Kufuzu, yaani kusaka nafasi ya kuanzia, nako kuna pointi: 35, 32, 30, 28, 26. Wengi huzidharau hizi ndogo, nami huwashangaa. Tuseme dereva A anamzidi B kwa pointi 20. B akiwa wa kwanza kwenye kufuzu na A wa tano, pengo limeshuka hadi 11. Kesho yake, B akimaliza nafasi moja tu mbele ya A, wote wakiwa ndani ya tano bora, ubingwa ni wa B, kwa sababu huko juu kila nafasi ina uzito wa pointi 20 au zaidi. Lakini B akiwa wa tano na A wa sita, tofauti ni 10 tu, na A ni bingwa kwa pointi moja. Ukiwa na hesabu hii mkononi utaelewa kwa nini dereva fulani anampisha mtu bila kugombana, na mwingine anajirusha kwenye upenyo ambao haupo.

Kisha chagua magari mawili au matatu, basi. Yanayoingia ni karibu 50, ya makundi manne: GTP na LMP2, ambayo ni prototaipu, magari yaliyoundwa kwa mbio tu; kisha GTD Pro na GTD, magari ya GT yanayotokana na ya barabarani. Ushauri wangu ni kwamba moja liwe la GTD. Huko dereva wa kulipwa hugawana usukani na mtu wa daraja la fedha au shaba, yaani madaraja ya chini ya madereva, na kanuni zinamtaka huyo wa pili atimize muda wake wa chini. Chora safu ya zamu: nani yuko ndani, tangu saa ngapi. Timu iliyomaliza dakika za mtu wake wa shaba mapema mchana inabaki na madereva wa kulipwa pekee gizani. Iliyochelewesha itampeleka uwanjani jua linapozama, magari ya GTP yakimjia kwa nyuma na taa kali.

Usimsahau dereva wa tatu. Huyu huitwa kwa mbio ndefu tu, na anaweza kuibeba au kuizamisha kazi ya miezi tisa ya wenzake. Mwaka 2024 Scott Dixon, bingwa mara sita wa mbio za magari za IndyCar, alishinda hapa pamoja na Sébastien Bourdais na Renger van der Zande. Ubingwa wa GTP ukaenda kwa Dane Cameron na Felipe Nasr.

Safu yenye kazi kubwa ni ya bendera za njano, zinazoashiria hatari na kuwapunguzia wote mwendo. Ikipepea uwanja mzima, piti, yaani eneo la mafuta na matairi, hufungwa kwanza. Zikifunguliwa, prototaipu huingia mwanzo na magari ya GT hufuata. Aliyekuwa ameongeza mafuta dakika moja kabla ya bendera anaweza kujikuta nyuma ya wote, pengine amepoteza mzunguko mzima, ilhali wenzake wanahudumiwa msafara ukienda polepole. Hajafanya kosa lolote! Lakini njano hiyohiyo humfufua mwingine: aliye nyuma kwa mzunguko, akijikuta kwenye foleni mbele ya kiongozi wa kundi lake, huruhusiwa kuzunguka na kurudi mkiani akiwa ameurudisha. Kwa hiyo andika saa ya kila njano, na pembeni yake nani alikuwa ametoka piti. Ukimwona mtu wa nafasi ya nane saa ya tatu akigombea ushindi saa ya tisa, jibu liko kwenye safu hiyo.

Kona za kukazia macho ni ya 10a, mwisho wa mteremko mrefu wa nyuma ambako wote hufunga breki, na ya kwanza. Uwanja una urefu wa kilomita 4 na kidogo. GTP huumaliza kwa takriban sekunde 70, GTD kwa takriban 80, maana yake kila mizunguko minane hivi gari la mbele linakutana tena na lilelile la GTD. Msongamano hauishi. Mwaka 2021, mzunguko wa mwisho kabisa, Ricky Taylor alijaribu kumpita Nasr kwenye 10a, akaishia kwenye changarawe. Ubingwa wa DPi, kundi la juu la wakati huo, ukawa wa Nasr na Pipo Derani. Mwaka 2023 Derani na Filipe Albuquerque wakagusana kona ya kwanza, Albuquerque akagonga ukuta, na Derani akatwaa taji pamoja na Alexander Sims.

Mvua ikinyesha, kunja makadirio yako yote. Mwaka 2015 Porsche 911 ya Nick Tandy na Patrick Pilet, gari la GT, iliyashinda hadi prototaipu.

Bendera ya mwisho ikishapepea, acha nafasi ya bingwa wazi hadi matokeo rasmi yatoke, na pitia upya adhabu za mwaka mzima. Mwaka 2023 gari namba 60 la timu ya Meyer Shank lilishinda mbio za Daytona mwezi Januari, likakatwa pointi 200 baada ya kugundulika kuwa takwimu za upepo wa matairi zilichezewa. Oktoba lilishinda Petit Le Mans pia. Pointi zile hazikurudi.