Kabla ya Kupanda Kayaki ya Kioo Diani, Uliza Maji Kwanza

Picha ndizo zinazoleta watu. Watu wawili wamekaa kana kwamba wanaelea hewani, chini yao maji ya rangi ya feruzi, na kivuli cha chombo kimelala juu ya mchanga mweupe. Kisha mtu anafika Diani au Galu, pwani ya kusini ya Kenya, mwezi wa Juni, anapanda kayaki hiyo hiyo, mtumbwi mdogo unaoonyesha chini, saa tisa alasiri, na anachokiona chini ya miguu yake ni ukungu wa kijani na majani yaliyong'olewa na mawimbi. Chombo ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni maji.

Kwa hiyo ukimpigia simu mwenye kayaki, usianze na bei. Muulize: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi? Akijibu papo hapo, au akisema ngoja nitazame jedwali la maji, endelea naye. Akikwambia saa yoyote ni sawa, mshukuru uende zako.

Wa bara huenda asielewe kwa nini swali hili lina uzito, basi nilieleze. Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: tofauti kati ya maji kupwa na kujaa huweza kupita mita 3, ufuo unakuwa mpana kama uwanja wa mpira, na akina mama wanaotafuta pweza wanatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba wa matumbawe unaoukinga ufuo. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inapanda na kushuka kidogo tu, kama mtu anayepumua usingizini.

Kwa kayaki ya kioo, kila hali ina faida na hasara yake. Siku za bamvua zenyewe, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ukiingia wakati huo utakwama. Tumbo la kayaki litakwaruza matumbawe, nawe utalazimika kushuka na kuivuta huku ukikanyaga kile ulichokuja kukitazama. Siku za maji mafu, asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa na yametulia. Ni wakati mzuri kwa watoto na kwa anayeshika kafi kwa mara ya kwanza, ila vitu vya chini vinakuwa mbali kidogo. Ninayoipenda mimi ni nafasi iliyopo kati ya hizo mbili: siku mbili tatu kabla ya bamvua, yaani kama tarehe 12 au 27 kwa wanaohesabu mwezi wa kuandama. Maji hupwa mapema, saa mbili na kitu, na ukiingia saa nne hivi yanakuwa yameanza kurudi. Maji yanayojaa yanatoka nje ya mwamba, ni masafi. Yanayopwa yanakokota mchanga na takataka za ufuoni. Jua nalo limeshapanda vya kutosha kuangaza chini. Usinishike kwa dakika, lakini. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji kila mwaka, na hesabu zake zimo pia kwenye programu za simu. Tafuta siku yako humo.

Jambo jingine ambalo jedwali halikwambii waziwazi: maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza husogea kidogo, saa ya tatu na ya nne husogea kwa kasi, kisha hutulia tena. Katika saa hizo za katikati, yakiwa yanapwa, maji yote ya ndani ya mwamba yanatafuta milango ya kutokea bahari kuu. Kayaki iliyo karibu na mlango wakati huo inavutwa nje, na mikono ya mgeni haitoshi kuirudisha. Mwongozaji anayejua kazi yake hakupeleki huko, hata umwambie rangi ya maji inakuvutia.

Baada ya maji, upepo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya maji meupe Diani. Matlai ya Oktoba na Novemba nayo si haba. Kusi, upepo wa kusini, ikianza Aprili, inakuja na mvua za masika, mito inamwaga tope, bahari inachafuka, na majani ya bahari yanarundikana ufuoni hadi mahoteli yanaajiri watu wa kuyazoa. Mtu asikudanganye kuwa kusi haina siku nzuri. Zipo, hasa alfajiri, lakini unazivizia, huwezi kuzipanga ukiwa Nairobi wiki tatu kabla. Usichukue kalenda hii ya Diani ukaipeleka kila mahali, vilevile. Kule Malindi, kaskazi ndiyo inayosukuma tope la Mto Sabaki kusini kuelekea kwenye matumbawe, kwa hiyo wenzetu wa huko wana hesabu yao.

Hata katika kaskazi, upepo huamka kadiri mchana unavyosonga. Kayaki hizi ni pana, tumbo lake ni bapa, hazina mkuku wa kushika maji. Upepo ukizipata ubavuni huzichukua kama sinia. Ndiyo maana safari njema huanza kwa kuukabili upepo mkiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi uwasukume. Ukiona mwongozaji anaanza kwa kuteremka na upepo, muulize mtarudije.

Sasa chombo chenyewe. Watu husema kioo, lakini si kioo. Ni polikaboneti, plastiki ngumu ya jamii ile inayotengenezewa taa za mbele za magari. Haivunjiki kirahisi ila inachubuka, na adui yake mkubwa ni mchanga. Fika mapema uikague. Piga magoti, tazama chini kupitia sakafu yake: kama imejaa mikwaruzo kama sufuria iliyosuguliwa kwa steliwaya, hutaona samaki, utaona mikwaruzo. Angalia pia maboya yaliyowekwa ncha zote mbili, yale ndiyo yanayoizuia isizame ikijaa maji. Na useme ukweli kuhusu uzito. Kayaki ya watu wawili ya aina hii huwa na urefu wa mita 3 na kidogo na hubeba karibu kilo 190. Watu wawili wa kilo 90 wameshaimaliza. Mtoto wa kupakatwa juu yao hafai, hata kama mwenye chombo ana njaa ya wateja.

Jaketi la kuokolea si la kukalia. Nalisema kwa sababu nimeona likifanywa mto wa kiti, na mwongozaji akanyamaza ili asimuudhi mgeni. Livae, funga vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega: likipanda hadi masikioni, omba dogo zaidi. Na kama hujui kuogelea, sema kabla hamjaondoka ufuoni. Si aibu. Mimi nimekua na watoto wa pwani ambao hadi leo kuogelea kwao ni kutapatapa tu.

Mavazi yana siri ambayo wengi hawaijui. Watu huvaa nyeupe ili watoke vizuri kwenye picha. Lakini sakafu ya kayaki inaakisi kama dirisha la duka: ukivaa suruali nyeupe, unachokiona chini ni suruali yako. Vaa kitu cheusi au cha buluu iliyokolea kuanzia kiunoni kwenda chini, ukiinama kidogo kivuli chako kinaua mwako, na bahari inafunguka. Juu vaa shati la mikono mirefu. Jua la baharini hukupata mara mbili, kutoka juu na kwa kurudishwa na maji, na shati linakuepusha kujipaka mafuta mengi ambayo mwishowe huishia majini na kwenye sakafu hiyo hiyo. Mgongo wa mguu husahaulika. Usiku wake ndio utaukumbuka.

Viatu ni lazima, vya mpira, vyenye soli. Diani ina wanyama wengi wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo ya mwamba, na wingi wao una kisa. Kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja magamba, ndiye anayewala. Anapovuliwa kupita kiasi, wenye miiba huongezeka na kuutafuna mwamba. Ukichomwa, toa miiba inayoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na usikubali mtu akupondeponde na jiwe. Wazee hupaka utomvu wa papai. Sina ubishi nao, lakini maji moto kwanza. Maji nayo hudanganya macho: ukitazama kutoka juu, kina cha mita 4 huonekana kama cha mita 3. Usishuke kwa kukadiria.

Utaona nini basi? Hapa ndipo ninapogombana na matangazo. Diani-Chale ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1995, lakini wavuvi waliipinga na haijawahi kuwa mbuga iliyofungwa. Ni bahari inayofanya kazi. Matumbawe yake, kama ya pwani nzima, yalipigwa vibaya na joto la El Niño la mwaka 1998. Anayetaka matumbawe yaliyosimama vizuri na makundi makubwa ya samaki aende Kisite, ng'ambo ya Shimoni, ambako kuvua hakuruhusiwi, na huko atatumia boti na miwani ya kuzamia. Kayaki ya kioo ni ya mambo ya karibu na ya polepole: viti vya pweza, yaani nyota wa baharini, vyekundu vimetapakaa mchangani, majongoo bahari, pono wakiguguna mwamba, chafi wadogo kwenye majani, mkunga akichungulia shimoni, taa, yule samaki bapa, akijifukia. Na majani yenyewe. Wageni huyadharau wakidhani ni magugu, kumbe ndiyo malisho ya kasa. Ukielea kimya juu ya shamba la majani asubuhi, kafi limelazwa magotini, una nafasi ya kumwona akila. Boti ya kioo yenye injini haikupi kimya hicho.

Akitokea, msimfuate. Kasa anahitaji kupanda juu kuvuta pumzi, na kayaki iliyomkalia kichwani inamnyima. Simameni pembeni, aje mwenyewe. Vilevile kubalianeni mapema na mwongozaji kuwa hakuna kuokota. Kuna tabia ya kumtoa kiti cha pweza majini na kumweka kwenye kiganja cha mgeni apigwe picha, kisha anarushwa kama biskuti. Mwongozaji anafanya hivyo kwa sababu wageni waliotangulia walimpa bakshishi. Mwambie utampa yako akiacha. Na mkiona boya la chupa linaelea, pembeni yake kuna dema, yaani mtego wa samaki, au jarife, yaani wavu, la mtu. Zungukeni.

Anayetaka ile picha ya kutoka angani ajue kuwa droni nchini Kenya ina sheria zake tangu kanuni za mwaka 2020, na anayeirusha kwa biashara anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Omba kukiona. Picha hiyo pia hutaka chombo kisimame palipo na mchanga mtupu, ambapo hakuna kiumbe. Basi amua mapema: saa yenu moja ni ya picha au ya samaki? Wengi hutaka vyote na hurudi na nusu ya kila kimoja.

Yaliyobaki ni madogo. Kuleni chepesi saa moja na zaidi kabla, kwa sababu kuinamisha kichwa na kutazama chini huku mkiyumba huleta kichefuchefu hata kwa waliozoea feri ya Likoni. Maji ya kunywa yawe kwenye chupa ya kujaza tena. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye fuo na mbuga za Kenya tangu Juni 2020. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, wenye kamba shingoni. Pete na saa ziacheni chumbani. Ulizeni pia kabla ya kulipa: upepo ukigeuka, tunarudishiwa pesa au tunapangiwa siku nyingine? Jibu liandikwe kwenye ujumbe wa simu.

Na bebeni sponji, ile ya jikoni, mpya. Kila ukivuta kafi matone yanadondoka ndani, na baada ya dakika kumi sakafu ina kidimbwi kinachochezacheza na kupinda kila unachokitazama. Waongozaji wengi hawaibebi. Kila mara kasa akitokea, mmoja anasogeza kayaki pembeni, mwingine anafuta.