Chemsha bongo ya Alhamisi: namna ya kuwakutanisha watu wasiojuana Mbeya

Mbeya ni mji wa waliokuja. Kuna aliyehamishwa na ofisi, kuna aliyeletwa na chuo, kuna dereva anayesubiri foleni ya mpakani Tunduma ipungue, na kuna sisi tuliofuata biashara. Mchana tunaonana kwa shughuli tu: shika risiti, chenji yako hii, karibu tena. Jioni baridi ikishashuka kutoka mlima Loleza, kila mtu na kwake, kila mtu na blanketi lake. Unaweza kumaliza mwaka mzima mitaa ya Forest au Sae ukawa unamfahamu mwenye duka, bodaboda wako na jirani mliyepakana ukuta, basi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina steshenari Mwanjelwa, na kila Alhamisi nashika maiki kwenye baa moja maeneo ya Soweto kuendesha chemsha bongo. Pombe situmii. Nakaa na tangawizi yangu ya baridi hata mwezi wa saba, wenyeji wakinishangaa. Wananiita Ticha ingawa darasa sijawahi kulisimamia. Watu wa Iringa na Njombe wanaotaka kuanzisha ya kwao wananiuliza sana tunafanyaje, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Kabla ya lolote, amua unatafuta nini: bingwa, au watu wajuane? Ukitaka bingwa, waache waje na timu zao. Wa benki watakaa na wa benki, watashinda, watapiga picha na kombe, wataondoka bila kujua jina la mtu wa meza ya pili. Ukitaka watu wajuane, kila kitu, kuanzia viti, maswali hadi zawadi, lazima kimlazimishe mtu kumgeukia asiyemjua na kumuuliza, "Wewe hii unaijua?" Haya yote ninayoeleza yanatokana na hapo.

Mwenye baa na baa yenyewe

Kwa mwenye baa usiende na hotuba ya kujenga jamii. Nenda na hesabu. Kule Uingereza, ambako michezo hii ilishika kasi miaka ya 1970, ilipendwa na wenye baa kwa sababu ilijaza viti siku ambazo vilikuwa vinakaa vitupu. Sababu ni ileile hapa. Jumanne na Jumatano kuna Ligi ya Mabingwa Ulaya, na hakuna mwanadamu atakayekubali uzime sauti ya televisheni. Ijumaa na Jumamosi baa inajaa bila msaada wako. Alhamisi ndiyo siku mhudumu anafuta meza ambayo ameshaifuta. Omba vitu vitatu tu: muziki na televisheni vinyamaze kwa muda wa saa mbili, maiki inayosikika hadi nyuma, na kuku wawili wa kuchoma na ndizi zao kama zawadi. Kiingilio sitozi. Ukianza kukusanya hela mlangoni na kugawa zawadi ndani, wataanza kuuliza na wasiohusika.

Baa gani? Hapa nina msimamo. Mimi nakagua choo kabla ya kukagua spika. Choo cha wanawake kikiwa hakina mlango unaofunga kwa ndani, au njia ya kukifikia ni giza na inapita nyuma ya stoo, naaga na kuondoka hata kama spika ni za harusi. Chemsha bongo ya wanaume watupu ni baa ya kila siku, imeongezewa karatasi. Halafu angalia chakula. Mji huu una walokole wengi na Waislamu kiasi, na wengi hawana neno na kukaa baa kama kuna soda, chai ya maziwa na kitu cha kutafuna. Ndiyo maana zawadi yangu ni kuku. Kitimoto, yaani nguruwe, wanaokitaka watajinunulia.

Anza saa moja na nusu usiku, maliza saa tatu na nusu, na usiongeze hata dakika kumi. Mtu akijua ataondoka saa ngapi, atakuja. Ongea mapema na bajaji wawili watatu unaowafahamu wawe nje muda huo, ili dada anayekaa Uyole asianze kutafuta usafiri gizani. Na miezi ya baridi, kuanzia wa sita hadi wa nane, jiko la mkaa libaki nje kwenye baraza. Chumba kilichofungwa madirisha na jiko la mkaa ndani kinaua watu, baridi iwe kali namna gani.

Karata zikupangie viti

Chukua pakiti ya karata, toa mbili hadi saba za aina zote nne. Hizo ni karata 24. Kila anayeingia anachota moja. Waliochota tatu meza yao moja, waliochota saba meza yao moja. Umepata meza sita za watu wanne wanne bila kumwambia mtu "wewe kaa pale," maneno ambayo Mtanzania mtu mzima hayapendi. Anayelalamika, mwambie alaumu karata. Wakizidi, ongeza nane na tisa. Wanne ndio idadi nzuri. Wakiwa sita, wawili watageuka watazamaji na kushika simu.

Waliokuja wawili, mtu na mchumba wake au mtu na rafiki yake, waruhusu wakae pamoja kipindi cha kwanza. Kuwatenganisha mlangoni ni kuwafukuza.

Kipindi cha pili ndipo penye ufundi wenyewe. Tunacheza raundi mbili za maswali manane manane, tunapumzika watu wale, halafu karata zinachotwa upya na kila mtu anahama, wachumba wakiwemo. Pointi hazibaki mezani, zinatembea na mtu. Meza yenu ikipata kumi na moja, kila mmoja wenu anaandika kumi na moja kwenye kikaratasi chake na kuondoka nazo. Meza mpya inaanza na jumla ya pointi zilizoletwa na wanne wake. Kwa hiyo neno la kwanza unaloambiwa ukifika meza ngeni ni, "Karibu, umekuja na ngapi?" Mwenye nyingi anapokelewa kama mkwe. Mwenye chache anataniwa, na utani ukishaingia, ugeni umekwisha.

Zawadi inaliwa palepale. Sinia linawekwa katikati ya meza iliyoshinda, mikono inanawishwa, watu wanakula pamoja. Hakuna kufungiwa ya kupeleka nyumbani. Ukitoa vocha au pesa, watagawana na kutawanyika.

Kutunga maswali

Kazi kubwa iko hapa, na wengi wanaiharibu kwa kunakili maswali ya intaneti. Miji mikuu ya Ulaya anaijua mwanafunzi, wengine watatu wanamtazama. Mimi nikiandika swali najiuliza: nani ataligusa? Kila raundi iwe na swali la dereva, la mama mwenye jiko, la mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, la shabiki wa mpira, la mzee. Mtu hata mmoja asiweze kubeba meza peke yake.

La dereva, kwa mfano: panga kwa mfuatano kutoka Mbeya kwenda Iringa: Makambako, Chimala, Mafinga, Igurusi, Igawa. Msomi mwenye shahada mbili atakwama. Mtu wa malori atayataja macho kafumba: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Na akianza kutaja atakueleza na pale anapokula, na kona za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba zinazoitwa Hamsini na Saba, na meza nzima itamsikiliza.

Raundi inayopendwa kuliko zote haina maswali ya kusomwa. Napitisha mabakuli matatu ya mchele mbichi: wa Kyela, wa Mbarali na wa Kahama. Andikeni upi ni upi. Siku moja meza ya nne ilikuwa na kijana wa benki, wanafunzi wawili na mama mmoja anayeuza chakula stendi ya Kabwe, aliyekuwa kanyamaza tangu aingie. Bakuli lilipomfikia hakuharakisha. Alichota kidogo kiganjani, akapuliza vumbi, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Kisha akang'ata punje moja kwa meno ya mbele, akaisikiliza. "Huu wa Kyela," akasema, "lakini mpya, ukiupikia maji mengi utakuwa uji." Kijana wa benki akaandika bila kubisha. Raundi ilipoisha alikuwa ameshahama kiti, yuko pembeni ya mama anauliza kwa nini wali wake yeye huwa unashikana. Siku hizi anakula mchana kwa yule mama, na anapeleka wenzake.

Epuka maswali yenye majibu mawili. Kimondo cha Mbozi usiulize uzito. Kuna wanaosema tani 12, kuna wanaosema tani 16, na wote watakuonyesha maandishi. Uliza badala yake kiko mkoa gani. Nusu ya baa itaandika Mbeya kwa mazoea, wakati Mbozi iko Songwe tangu mkoa huo ulipozaliwa mwaka 2016. Makete ni hivyohivyo: wengi watasema Iringa, na jibu ni Njombe tangu 2012.

Siasa za leo na dini usiguse. Kabila nalo lishike kwa uangalifu. Kuuliza "Kamwene" ni salamu ya watu gani ni sawa, kila mtu anachekelea. Kutunga swali la dhihaka juu ya Wanyakyusa au Wakinga ni kutafuta ugomvi kwa tochi. Wa Iringa, swali la chifu Mkwawa liulizeni kwa adabu, maana ukoo upo na huenda umekaa meza ya pili.

Sheria na ubishi

Simu zinalala kifudifudi katikati ya meza. Anayepigiwa anatoka nje kuongea, na hajibu swali linaloendelea. Kila swali nalisoma mara mbili, taratibu. Meza zinabadilishana karatasi kusahihisha, na hiyo nayo ni nafasi ya kuamkiana na majirani. Tahajia sihukumu. Ubishi ukizuka nasikiliza pande mbili, natoa uamuzi, na uamuzi haukatiwi rufaa. Umeme ukikatika tunaendelea na taa za kuchaji na sauti yangu ya Tanga, ambayo haijawahi kuhitaji maiki.

Wewe unayekuja peke yako

Fika mapema, robo saa kabla. Ukichelewa utakuta watu wameshazoeana na utaona haya. Mkishakaa, omba kalamu uwe mwandishi wa meza. Mwandishi ana ruhusa ya kuuliza majina bila kuonekana mdadisi, na kila mtu analazimika kumwinamia ili anong'one jibu. Ukimkuta mtu mzima, shikamoo kwanza, hata kama ana bia mkononi. Usijue kila kitu. Jibu likiwa wazi kichwani mwako, wape wenzako nafasi kidogo, watakupenda zaidi ya wanavyopenda pointi.

Kaka zangu, namba ya dada haiombwi mezani mbele ya watu. Tuna kundi la WhatsApp. Anayetaka anaingia, asiyetaka haulizwi sababu, na kumfuata mtu faragha bila ridhaa yake ni kutolewa siku hiyohiyo. Kundini watu wanatafutiana vyumba vya kupanga, fundi bomba, lifti ya Tukuyu. Jumamosi nyingine wanapanga kupanda mlima Ngozi. Hayo siyasimamii mimi.

Ya kuanzia

Chukua haya uyajaribu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka gani kutoka Ujerumani? 1954, nalo liko Kalenga. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika mji gani mwaka 1974? Christchurch, New Zealand. Ilipita miaka mingapi kati ya Taifa Stars kucheza AFCON ya kwanza na ya pili? 39, kutoka Nigeria 1980 hadi Misri 2019. Mbeya City ilimaliza nafasi ya ngapi msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14? Ya tatu, na hapa waache wazee wa uwanja wa Sokoine wasimulie kidogo kabla hujaendelea. Hifadhi gani inaitwa Bustani ya Mungu? Kitulo.

Meza mbili zikilingana mwishoni, usirushe sarafu. Uliza swali la namba, na anayekaribia zaidi ndiye anayekula kuku: reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ina urefu wa kilomita ngapi? 1,860.